Nyumba Ikiungua, Mvua Haingoji



Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Desemba mpaka Machi, sisi watu wa West Nile tunaishi na moto. Majani yamekauka, upepo unatoka upande wa Sudan Kusini ukiwa mkavu, na mahali fulani mtu amewasha kiberiti. Mmoja anasafisha shamba. Mwingine anawinda ndezi. Mchungaji anataka majani mabichi yaote mapema, na mwingine anarina asali. Moto huo ukishapata upepo hauulizi mpaka wa mtu. Unaruka njia, unafika uani, unashika paa la nyasi. Kabla majirani hawajafika na madumu ya maji, nyumba imekwisha, jiko limekwisha na ghala limekwisha.

Juu ya kuzuia moto huu mengi yamesemwa. Hata sheria ipo, tangu mwaka 1974, inayokataza kuchoma majani bila ruhusa. Leo mimi nataka kuzungumza juu ya jambo ambalo halisemwi sana, nalo ni siku ya pili baada ya moto. Mfanyakazi aliyeunguliwa nyumba anajenga tena kwa fedha gani, kwa siku ngapi, na chama chake kinafanya nini? Maoni yangu ni kwamba chama kina wajibu hapa, na wajibu huo una mwisho wake. Mwisho huo ni mvua ya kwanza.

SIKU ZENYEWE NI CHACHE

Tuhesabu pamoja. Moto wetu mwingi huja Januari na Februari. Mvua huanza mwishoni mwa Machi au Aprili. Kwa hiyo mtu aliyeunguliwa katikati ya Februari ana wiki sita tu, pengine hazifiki.

Katika wiki hizo mambo manne yanamkimbilia kwa pamoja. La kwanza ni ukuta. Ukuta wa udongo au wa matofali mabichi mara nyingi huponea moto. Umekuwa mweusi, pengine una nyufa, lakini umesimama. Ukifunikwa mapema unaweza kubeba paa jipya. Ukiachwa wazi mpaka mvua inyeshe mara tatu nne, unalowa toka juu, unamomonyoka na kuanguka. Hapo moto ulikuwa umekula paa tu, lakini mvua imekula nyumba nzima.

La pili ni nyasi za kuezekea. Sisi hukata nyasi wakati huo huo wa kiangazi zikiwa zimekauka vizuri. Moto ulioteketeza nyumba umepita kwanza katika nyasi zenyewe. Mtu anatafuta nyasi mahali palipobaki majivu matupu.

La tatu ni matofali. Matofali hupigwa na kuchomwa kiangazi. Mvua ikishaanza hakuna tena kupiga tofali mpaka msimu upite.

La nne ni mbegu. Karanga, maharage na ulezi wa kupanda vilikuwa katika ghala au juu ya dari. Aprili watu wote wanapanda. Asiyepanda Aprili atanunua chakula mwaka huo, na mshahara wake wote utaingia katika mfuko wa unga.

Ndiyo maana nasema kwamba msaada mdogo unaofika katika wiki ya kwanza una faida kuliko msaada mkubwa unaofika mwezi wa Juni. Mabati kumi ya Februari yanaokoa ukuta. Mabati ishirini ya Juni yanakuta kichuguu cha udongo.

MFANYAKAZI ALIYE MBALI

Sasa tumfikirie mwenzetu ambaye nyumba yake iko Arua au Koboko na kazi yake iko mbali. Hao ni wengi. Kiwanda cha sukari cha Lugazi kilianzishwa mwaka 1924 na cha Kakira mwaka 1930, na kwa miaka mingi watu wa West Nile wamesafiri kwenda kukata miwa huko, na Kinyara baadaye. Baba alikwenda, mtoto akafuata. Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, na ukifika Kampala bado una karibu kilomita 100 kufika Kakira.

Simu inalia usiku katika kambi ya kampuni. Ni mama watoto. Nyumba imeungua, watoto ni wazima, wamelala kwa shemeji. Asubuhi huyu mtu anakwenda kwa nyapara. Atamwomba nini?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa siku 7 za likizo kwa kila miezi minne ya kazi, yaani siku 21 kwa mwaka. Inataja likizo ya ugonjwa. Inataja likizo ya mama mzazi, na siku 4 kwa baba aliyepata mtoto. Lakini ya mtu aliyeunguliwa nyumba haimo. Kama siku zake za mwaka amekwisha kuzitumia Krismasi kwenda kuona watu wake, anabaki kuomba huruma. Wengine wanaomba wanapewa. Wengine wanaondoka bila ruhusa, na wakirudi wanakuta jina limefutwa katika kitabu cha karani.

Mimi nimewasikia wenzetu wa namna hiyo. Mmoja, mkata miwa, mwajiri wake alimpa siku tatu. Siku moja ilikwisha njiani kwenda, moja njiani kurudi. Alibaki na siku moja ya kusimama mbele ya majivu. Alirudi kazini kama alivyoambiwa, na mwezi wa Mei ukuta ukaanguka. Je, mtu huyo alitendewa haki? Kwa karatasi, ndiyo. Ndiyo sababu karatasi yenyewe lazima ibadilishwe.

MWENYE DENI HAGOMI

Kuna ndugu watakaosema: "Chama ni cha mshahara na saa za kazi. Mambo ya paa la nyasi ni mambo ya ukoo na kanisa." Nawajibu hivi. Tazameni mtu aliyeunguliwa nyumba anakwenda wapi kutafuta fedha. Anakwenda kwa mkopeshaji wa riba. Mkopeshaji anachukua kadi yake ya benki na namba yake ya siri, na kila mwisho wa mwezi ndiye anayeutoa mshahara kwanza. Mfanyakazi anapewa kilichobaki.

Mtu huyu mwaka ule ukimwita katika mkutano, haji. Ukimwambia tuweke kazi chini kwa sababu mwajiri amekataa kutulipa saa za ziada, anakutazama tu. Hawezi kukosa hata siku moja ya malipo. Yeye si mwoga, ila ana deni, na mwenye deni hagomi. Mwajiri analijua hilo vizuri kuliko sisi. Kwa hiyo nyumba ikiungua kijijini, nguvu ya tawi imepungua kiwandani. Anayesema mambo hayo hayahusiani hajatazama vizuri orodha ya wanaokuja mkutanoni.

Tena tunaulizwa kwa nini tusitegemee akiba ya NSSF. Akiba ile ni ya uzee. Toka mwaka 2022 sheria inamruhusu mwanachama mwenye miaka 45 na zaidi, aliyeweka akiba miaka 10, kuchukua mpaka asilimia 20 ya fedha yake. Ni jambo jema kwa anayefikia hapo. Lakini kijana wa miaka 32 mwenye watoto wanne hafiki. Na vibarua wengi wa mashambani hawajaandikishwa hata siku moja, ingawa sheria inataka waandikishwe. Hilo ni pigano jingine, ambalo tusiliache.

Wengine wanasema tungoje mabati ya serikali. Serikali ina idara ya maafa katika Ofisi ya Waziri Mkuu, na ni haki yetu kupeleka majina yetu huko kupitia kwa mwenyekiti wa kijiji na wilaya. Pelekeni. Lakini msikae mkono shavuni. Sote tunakumbuka mwaka 2023, mawaziri watatu walipofikishwa mahakamani kwa sababu ya mabati yaliyokusudiwa watu wa Karamoja. Bati la namna hiyo lina safari ndefu, na mvua haina subira.

WAZEE WALIJENGA VIPI?

Sisi wa umri wangu tulizaliwa au tulilelewa ukimbizini. Baada ya vita vya 1979, na zaidi baada ya Oktoba 1980, nyumba za West Nile zilichomwa, na watu kwa maelfu wakakimbilia Zaire na Sudan. Walipoanza kurudi katika miaka ile ya themanini, wengi walikuta msitu umeota mahali pa uani. Hawakuwa na mshahara. Hawakuwa na bati hata moja.

Walijenga kwa mikono ya wengi. Kundi moja lilikata miti, jingine lilikata nyasi na kamba. Akina mama walichota maji, wakakanyaga udongo na kupika. Leo wamejenga kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka kijiji kizima kina paa. Mjane alijengewa pamoja na wengine. Mwenye nyumba alitoa chakula, na kama hakuwa nacho, alitoa siku zake za kazi kwa mwingine.

Desturi hiyo haijafa, lakini peke yake haitoshi tena. Miti imepungua. Tumbaku imekula miti mingi kwa kukaushwa kwa kuni, makaa yamekula, na matanuru ya matofali yamekula. Nyasi ndefu za kuezekea ziko mbali, au zinauzwa. Mabati, misumari na mbao vinataka fedha taslimu. Kijijini kuna mikono lakini hakuna fedha. Kiwandani na mashambani kuna fedha kidogo, lakini mikono iko mbali na nyumbani. Chama ndicho kinachoweza kuunganisha hivi viwili: tawi lilete mabati na misumari, ukoo na majirani walete mikono. Wiki moja inatosha kuweka paa kama vitu vyote viwili vimekutana.

MAMBO MATANO NINAYOYATAKA

Kwanza, kila tawi liwe na mfuko wa moto kabla ya Desemba. Kiasi kidogo kila mwezi kutoka kwa kila mwanachama, tutakachokubaliana wenyewe mkutanoni. Mfuko usitoe fedha mkononi. Utoe vitu: mabati, misumari, turubai la kufunika ukuta siku ile ile, na mbegu. Wanachama wawili waende kuona kwa macho, na kama ni mbali, tupige simu kwa tawi lililo karibu liende. Mweka hazina asitie sahihi peke yake, na kitabu kisomwe kwa sauti katika kila mkutano. Najua watu wanaogopa mfuko kwa sababu wameona mifuko ikiliwa. Dawa ya hofu hiyo ni kitabu kilicho wazi. Tukiacha kuwa na mfuko, mkopeshaji ndiye atakayefurahi.

Pili, tutakapokaa tena na waajiri juu ya mkataba wa pamoja, tuweke kifungu cha maafa ya nyumbani. Napendekeza siku 10 za likizo yenye malipo, mbali na likizo ya mwaka, na siku za safari zihesabiwe peke yake. Napendekeza pia mkopo usio na riba kutoka kwa mwajiri, unaokatwa kidogo kidogo kwa miezi 12. Hili haliwezi kuifilisi kampuni. Mfanyakazi ambaye moyo wake uko katika majivu anajikata mguu kwa panga, na matibabu yake yana gharama kuliko siku 10.

Tatu, karatasi. Nyumba ikiungua, barua ya kuajiriwa imeungua, kadi ya NSSF imeungua, kitambulisho na hati ya kununua shamba vimeungua. Mtu anakwenda kudai haki yake mikono mitupu. Kila mwanachama apige nakala za karatasi zake, moja ikae katika ofisi ya tawi, nyingine kwa ndugu anayekaa nyumba nyingine. Gharama yake haifiki bei ya soda.

Nne, mipaka. Ardhi yetu nyingi ni ya ukoo, na alama zake ni miti, mawe na makaburi ya wazee. Moto ukila mti wa mpakani, jirani mwenye tamaa anasogea hatua tano. Mara nyingi anayesogelewa ni mjane, au mke wa mtu aliye kazini mbali. Kwa hiyo katika wiki ile ile ya kujenga, wazee wa ukoo na majirani wa pande zote waitwe, mpaka utembelewe mbele ya watu, na alama mpya zipandwe. Mwanachama aliye mbali amwandikie mwenyekiti wa kijiji barua kupitia tawi.

Tano, tujenge kwa akili. Hapa nataka kuwauliza wafanyakazi wa mashamba swali moja. Nani anayefyeka njia za moto kuzunguka miwa na miti ya kampuni? Ni ninyi. Nani anayekaa zamu ya usiku wakati wa kiangazi na matawi mabichi ya kupigia moto? Ni ninyi. Mnajua kwamba moto usiopata majani unakufa njaa. Basi kwa nini miwa ya tajiri ina ukanda uliofyekwa kila Novemba, na nyumba ya mfanyakazi majani yanafika mpaka mlangoni?

Ujuzi huo tuurudishe nyumbani. Ukijenga tena, fyeka uwanja mpana kuzunguka nyumba zote, na nje yake chimba ukanda wa udongo mtupu. Kabla ya Desemba ulimwe tena. Jiko lisiwe karibu na nyumba ya kulala, wala lisiwe upande ule upepo wa kiangazi unakotoka. Ghala lijitenge. Kama fedha inatosha bati kwa nyumba moja tu, liwekwe kwenye nyumba wanamolala watoto, na humo humo ziwekwe mbegu na karatasi. Nyingine ziezekwe nyasi bila aibu.

Nasema bila aibu kwa sababu nyasi zina heshima yake. Makaburi ya Kasubi ya wafalme wa Buganda yaliungua tarehe 16 Machi 2010. Nyumba ile kubwa ilikuwa ya nyasi, na imejengwa tena kwa nyasi. Lakini waliojenga walifikiri pia juu ya kinga ya moto, na mwaka 2023 UNESCO ikaiondoa katika orodha ya mahali palipo hatarini. Ilichukua miaka 13. Kabaka anaweza kungoja miaka 13. Mtoto wa mkata miwa hawezi kungoja hata mvua moja.

NENO JUU YA KUTAFUTA MCHAWI

Lipo jambo moja la hatari ambalo lazima niliseme. Nyumba ya mtu ikiungua, wako wanaoanza kunong'ona: nani amemtupia, nani anamwonea wivu kwa sababu ana kazi na mshahara. Kisha vijana wanachukua kiberiti kwenda kwa jirani. Sasa nyumba zilizoungua ni mbili, na watu wa kijiji hawawezi tena kujengeana, maana wamekuwa maadui. Aliyewasha moto kwa uzembe ashtakiwe mbele ya wazee au polisi, na alipe. Lakini kuchoma nyumba ya pili hakujawahi kuezeka ya kwanza.

TUFANYE NINI SASA?

Ninaandika haya kutoka Ediofe. Katika mkutano ujao wa kila tawi, naomba jambo hili liandikwe katika ajenda, lisiachwe kwa "mengineyo" wakati watu wanatafuta kofia zao waende. Tuamue kiasi cha mfuko. Tuchague wawili wa kukagua. Tukusanye nakala za karatasi. Wajumbe wetu watakaokaa na waajiri wapewe kifungu cha maafa kimeandikwa tayari, wasiende kukitunga njiani.

Moto wa kiangazi utakuja tena, na pengine safari hii utapita kwangu au kwako. Atakayeunguliwa asikute tunaanza kupitisha kofia. Akute mabati yamekwisha hesabiwa, likizo yake iko katika mkataba, na wenzake wanauliza tu: ni kijiji gani, na ukuta bado umesimama?

Umoja wetu ni nguvu yetu.

Mtumishi wa chama, Ediofe, Arua